Waya uko wapi ndani ya ukuta huu?

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye kazi hii ya wayaringi ni hili: "Dada, si kuna kile kimashine cha kuonyesha waya ndani ya ukuta? Kinauzwaje?" Kipo. Kariakoo vimejaa, vya bei ya chini na vya bei ya kutisha, na mimi ninacho. Lakini mtu akiniita kwake kwa sababu fundi makabati anakuja kesho na drili, kimashine hicho kinakaa kwenye begi muda mrefu. Ninachoomba kwanza ni ngazi ya kupandia darini.

(Kabla ya ngazi huwa kuna swali jingine: "Fundi mwenyewe anafika saa ngapi?" Mwenyewe ndiye mimi. Tunacheka kidogo, kazi inaendelea.)

Napanda darini kwa sababu waya haukujipitisha. Kuna mtu aliupitisha, akiwa na haraka zake na hesabu zake za fedha. Ukishamjua alikuwa fundi wa namna gani, ukuta umeshausoma nusu, na kimashine kitakuja baadaye kuthibitisha tu.

Nyumba zetu nyingi za Dar ni za tofali za saruji za inchi 5 au 6. Fundi umeme anaingia kuta zikiwa zimesimama na bati limepigwa, kabla ya plasta. Anachora kwa chaki, anakata mfereji kwa grenda na tindo, analaza bomba la plastiki la milimita 20, analibana kwa misumari, kisha fundi plasta anakuja kufunika kila kitu. Plasta yenyewe ni sentimita moja na nusu hivi. Kwa hiyo kutoka kwenye rangi unayoiona mpaka kwenye bomba hakuna umbali wa maana. Skrubu ya breketi ya TV au ya kabati la jikoni inaingia sentimita 5 au 6. Hesabu imekwisha hapo: ikipita kwenye njia ya bomba, italifikia.

Chuoni tulifundishwa kwamba bomba linashuka wima au linalala mlalo, basi. Tulirithi soketi ya Waingereza ya pini tatu za bapa, tukarithi na desturi zao. Kwao, waya uliozikwa kwa kina kisichofika sentimita 5 kutoka uso wa ukuta unatakiwa kupita kwenye maeneo yanayotabirika: ukanda wa sentimita 15 chini ya dari, ukanda wa sentimita 15 kando ya kona mbili za kuta zinapokutana, na mstari ulionyooka juu, chini au ubavuni mwa kila soketi na swichi. Fundi aliyefuata hayo ni rahisi kumsoma. Ukiona swichi, unajua juu yake kuna waya mpaka darini, na hutoboi pale. Hata usipoona kitu, zunguka uangalie upande wa pili wa ukuta, maana soketi ya chumbani inaweza kuwa na bomba lililochongwa kwa kina mpaka karibu na sebule yako.

Lakini mafundi wengi mjini wanalipwa kwa pointi. Taa ni pointi, soketi ni pointi, swichi ni pointi. Mita za ukuta walizozichonga kwa nyundo na tindo hazimo kwenye malipo. Sasa mtu anayelipwa kwa pointi, mchana wa Januari, atachagua njia gani? Atapita mshazari. Simlaumu sana kama watu wanavyomlaumu. Mwenye nyumba ndiye aliyepunguza bei mpaka ikafika hapo. Wengine wanatoka soketi moja hadi nyingine wakipita chini ya dirisha, kwa urefu ule ule ambao fundi wa mapazia atatoboa kwa ajili ya ndoana za kufungia. Ukipewa mchoro wa wayaringi, mara nyingi utakuonyesha pointi zilipo. Njia ya bomba hauionyeshi, maana hiyo iliamuliwa siku ile na aliyeshika grenda.

Ndiyo maana ngazi. Kwenye nyumba ya chini, ya bati na dari ya jipsamu, ukiingia kupitia tundu la dari utaona mabomba yote yakitambaa juu ya mbao na kutumbukia ndani ya kuta. Nenda asubuhi, maana saa sita mchana chini ya bati hapakaliki. Chukua futi, tochi ya kichwani, na mtu wa kuandika huku chini. Kwa kila bomba linaloingia kwenye ukuta unaohusika, pima kutoka kona ya chumba mpaka linapozama. Shuka, pima kutoka kona ile ile mpaka kwenye soketi. Vipimo vikifanana, bomba limeshuka wima, nenda kanywe chai. Visipofanana, kuna hadithi.

Mama mmoja wa Tabata aliniita kwa sababu ya TV ya inchi 55. Aliyekuwa aitundike alishatia alama nne za penseli ukutani, akasita mwenyewe. (Kijana mwenye akili. Nilimwambia.) "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu niangalizie, nisije nikaunguza nyumba ya marehemu." Nyumba ilijengwa na mume wake, na fundi wa wayaringi alishahama, haijulikani yuko wapi.

Darini, bomba lilikuwa linazama ukutani mita 2.1 kutoka kona. Soketi ilikuwa chini, sentimita 30 kutoka sakafuni, na umbali wake kutoka kona ile ile ulikuwa mita 1.3. Tofauti ya sentimita 80. Kwa hiyo bomba ama lilishuka wima kisha likapinda, ama lilianza kwa kulala juu kisha likashuka, ama limepita mshazari. Ukuta una mita 3 mpaka mkanda wa juu. Kutoa sentimita 30 za soketi, bomba lina mita 2.7 za kushuka.

Hapo ndipo Pythagoras, niliyekuwa namkimbia shuleni, anapofanya kazi ya bure. Kama bomba limepinda kwa pembe mraba, urefu wake ni 2.7 kujumlisha 0.8, yaani mita 3.5. Kama ni mshazari mtupu, ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yake, mita 2.8 na ushei. Tofauti ya sentimita 70 huwezi kuikosea. Nilizima breka, nikahakikisha hakuna umeme, nikafungua soketi, msaidizi wangu akasukuma waya wa chuma wa kuvutia kutoka darini. Bomba la milimita 20 lenye nyaya tatu ndani bado lina nafasi ya kupitisha waya wa chuma mwembamba, ukisukuma kwa subira. Ncha ilipotokeza kwenye boksi tukatia alama ya tepu juu kabisa, tukauvuta nje, tukaupima: mita 2.8 na kidogo.

Mshazari. Sasa kwa urefu wa mita 1.35 kutoka sakafuni, ambapo alama za penseli zilikuwa, mstari huo unapita wapi? Umepanda mita 1.05 kati ya 2.7, kwa hiyo umesogea pembeni kama sentimita 31. Jumlisha na mita 1.3 za soketi unapata mita 1.61 kutoka kona. Alama moja ya penseli ilikuwa mita 1.6.

Hesabu peke yake haitoshi, kwa sababu mshazari wa fundi tindo hauwi mstari wa rula. Unapinda akikutana na tofali gumu. Tukarudisha ule waya wa chuma ndani ya bomba. Shaba haivutwi na sumaku, plastiki haivutwi, lakini waya wa kuvutia ni chuma. Hapa ndipo ile programu ya simu ya kutafuta vyuma, ambayo watu wananionyesha kila mara wakidhani inaona umeme, inapata kazi ya halali. Simu haioni waya wa shaba. Inachosoma ni badiliko la usumaku, kwa kihisi kile kile cha dira. Ukiweka chuma ndani ya bomba lililo karibu na uso wa ukuta, ukiipitisha simu taratibu, namba zinaruka pale chuma kilipo. Tulitia nukta za penseli kutoka soketi hadi dari. Zilipinda kidogo katikati, kisha zikafuata hesabu. Breketi ikasogezwa, TV ikapanda.

Sasa kwenye vifaa, maana najua ndicho mlichokuja kusoma.

Testa ya kalamu, ile inayolia bila kugusa waya, ni rahisi na kila fundi anayo mfukoni. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230 na unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo unatoa uga unaotoka nje ya plastiki ya waya. Kalamu inahisi uga huo. Haihitaji mkondo kupita, inahitaji waya uwe na volti tu. Kwa hiyo waya wa breka iliyozimwa haiuoni. Waya ulio ndani ya bomba la chuma haiuoni, maana chuma kinaufunika uga. Kwenye ukuta wenye unyevu inalia kila mahali, na sisi watu wa pwani kuta zetu zinavuta maji ya ardhini na chumvi mpaka rangi inabanduka. Nimeshamwona mtu amezungushia penseli ukuta mzima wa bafu kwa sababu kalamu haikunyamaza. Ukuta ule ulikuwa na maji tu.

Kimashine cha kuchunguza ukuta kinaunganisha njia mbili tatu: kinahisi chuma, kinahisi metali isiyo chuma, kinahisi umeme. Changu ni Bosch GMS 120. Kiwandani wanasema kinafika milimita 120 kwa chuma, 80 kwa shaba na 50 kwa waya wenye umeme, na hizo ni namba za hali nzuri kabisa. Ukuta wetu haupo katika hali nzuri kabisa. Washa kwanza mzigo kwenye saketi unayoitafuta, taa au pasi, kwa sababu kinausoma vizuri zaidi waya ambao kifaa chake kinafanya kazi. Weka kiganja chako kingine ukutani karibu na kifaa, maana ukuta mkavu unashika umeme tuli na kifaa kinaanza kuonyesha waya mpana wa nusu mita. Kipitishe kwanza mahali unapojua waya upo, juu ya swichi, ukijue sauti yake kwenye ukuta huo. Kisha kipitishe mlalo kwa urefu tofauti, na kila kinapolia tia nukta. Nukta zikijipanga kwenye mstari, ni bomba. Zikitokea kwa nafasi zinazolingana kuanzia juu mpaka chini, umekutana na ringi za nondo ndani ya nguzo ya zege.

Kwa saketi isiyo na umeme, ninachopenda kuliko vyote ni kifaa cha toni, kile cha mafundi simu. Kina vipande viwili: kimoja kinatuma mlio ndani ya waya, kingine unapitisha ukutani kikiusikiliza. Kamba moja unaibana kwenye waya unaoutafuta na ya pili kwenye ethi, yaani waya wa ardhini. Ukizibana zote mbili kwenye nyaya mbili zinazokwenda sambamba, uga wa mmoja unaufuta wa mwenzake na hutasikia kitu. Nimewaona vijana wakirudisha kifaa dukani kwa sababu hiyo, wakisema ni feki.

Na kwa asiye na chochote: redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati (AM). Iweke mahali hakuna kituo, ikiwa inatoa mvumo tu. Chomeka blenda kwenye soketi unayoitilia shaka, iwashe na mtu aishike. Mota ya blenda ina brashi zinazotoa cheche ndogo, na makelele yake yanarudi kwenye nyaya za nyumba. Pitisha redio karibu na ukuta, mlio unakua ukikaribia waya. Si kipimo cha sentimita, lakini utajua kama waya umekwenda kushoto au kulia kwa soketi, na wakati mwingine hilo ndilo swali zima. Jirani atauliza kuna nini.

Usiku, tochi. Ilaze ukutani ili mwanga upite mlalo juu ya rangi. Mahali palipochongwa baada ya plasta kukauka, kwa mfano soketi iliyoongezwa wakati wa kuleta friji ya pili, kiraka huwa kimezama au kimevimba kidogo, na kivuli kinakionyesha kama kovu. Ufa mwembamba ulionyooka juu ya swichi pia mara nyingi ni bomba. Plasta pale ni nyembamba kuliko pengine.

Yote haya yana mpaka. Kwenye ghorofa, mabomba mengi yamelazwa ndani ya slabu kabla ya zege kumwagwa, na huko kila mtu anakata njia fupi kutoka taa hadi taa. Darini hakuna pa kupanda. Kwa ndoana ya feni kwenye slabu natumia kimashine na nazima umeme wa sakafu nzima, sina ujanja mwingine. Kwenye fleti za zamani zenye mabomba ya chuma, kama nilizofanyia kazi Upanga, kalamu inanyamaza kabisa lakini sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu inafuata bomba vizuri. Na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wangu, zimenyonya chumvi miaka mingi. Kule vifaa vinasema chochote. Nilipofanya kazi kule tuliacha nyaya za zamani zikiwa zimekatwa umeme, tukapitisha mpya kwenye tranki, ule mfereji wa plastiki unaobandikwa juu ya ukuta. Hakuna haja ya kupigana na chokaa.

Ukifungua mahali popote ukaona rangi za nyaya, usiziamini haraka. Nyumba za zamani ni nyekundu kwa laivu (waya unaoleta umeme) na nyeusi kwa nyutro (unaorudisha). Waingereza walibadilisha kuanzia 2004 wakafuata Ulaya, kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro, na madukani kwetu utakuta za aina zote mbili. Hatari iko kwenye nyeusi: kwa mtindo wa zamani ni nyutro, kwa mtindo mpya wa fezi tatu ni fezi kamili, yaani waya wenye umeme. Nyumba iliyofanyiwa matengenezo nusu nusu inaweza kuwa na zote.

Kutafuta kwa kalamu au kimashine unatafuta umeme ukiwa umewaka. Kutoboa unatoboa ukiwa umezimwa. Na kuzima si kuangusha breka moja na kusikia kalamu imenyamaza. Chukua mita ya ncha mbili, jaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha unapofanyia kazi, kisha rudi kwenye ile ya kwanza, ujue mita haikufa katikati. Siku hizi uliza pia kama nyumba ina inveta na betri. Unaweza kuzima meni swichi, ukaiona mita ya LUKU imetulia, na saketi ya taa bado inalishwa na betri iliyo stoo.

Na kama drili imeshagonga? Mara nyingi breka inaanguka, hasa ile yenye kitufe cha kujaribia, inayokata kwa kuvuja kwa miliampia 30. Isipoanguka ndipo niogope zaidi, maana huenda ncha imechubua plastiki ya waya tu na skrubu itakayoingia pale itakaa na umeme, na kabati la chuma likaunganishwa nayo. Usiipandishe breka kuona kama "bado inashika". Usizibe tundu kwa plasta. Zima, fungua boksi la juu na la chini, vuta nyaya zote tatu kutoka kwenye bomba na uingize mpya. Usiunge kiraka ndani ya ukuta ambako hakuna atakayekiona tena. Ukivuta ukaona waya hautoki, bomba limebanwa na kipande cha tofali, na hapo lazima uchonge, dirisha dogo la kiganja kimoja, kwa tindo na mkono mwepesi. Kazi ya umeme yenyewe ni ya saa chache. Rangi ndiyo ugomvi: ile ya mwaka wa ujenzi haipo tena dukani, kiraka kinaonekana kutoka mlangoni, na mwenye nyumba ambaye alivumilia kila kitu mpaka hapo anaanza kuuliza nani atalipia ndoo ya ukuta mzima.